Daftari la tajiri, karafuu za mdeni

Mwishoni mwa mwaka 1937 Unguja na Pemba zilikuwa na karafuu tele, na mnunuzi alikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Wafanyabiashara wa Bombay, waliokuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa zao hilo, walikuwa wamegoma. Chama cha Congress cha India kiliubariki mgomo huo, Vallabhbhai Patel akiwa mstari wa mbele, na watu wa kawaida kule Bara Hindi wakatakiwa waache kutia karafuu vyakulani mpaka serikali ya Zanzibar irudi nyuma.

Kilichowaudhi ni sheria iliyopitishwa mwaka huohuo. Sheria hiyo ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa mwaka 1927, haki ya peke yake ya kununua karafuu za kupelekwa nje. Wasafirishaji wa Kihindi, ambao kazi hiyo waliirithi kwa baba na babu, wakajiona wamefungiwa mlango. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na lake la kusema: wenye mashamba walikuwa wamezama katika madeni, na ardhi yenyewe ya karafuu ilikuwa ikihama mikono kidogo kidogo, hati kwa hati.

Barazani kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa makabila. Mhindi na Mwarabu wanavutana, Mwafrika anatazama pembeni, Mwingereza anajifanya hakimu. Usimulizi huo una ukweli wake, lakini umeficha jambo ambalo lingetufaa zaidi leo. Fedha za nchi nzima zilikuwa zimekusanyika katika daftari chache, na daftari zote hizo zilitegemea bei ya kitu kimoja. Bei ilipoanguka, hapakuwa na aliyesimama pembeni.

Jambo hili limewashughulisha sana wachumi wa dunia tangu mwaka 2008. Thomas Piketty na Emmanuel Saez walipochambua kumbukumbu za kodi za Marekani waliona kwamba sehemu ya pato la taifa inayokwenda kwa asilimia moja ya watu wenye kipato kikubwa kabisa ilikaribia robo nzima mara mbili katika karne ya mahesabu yao, yaani mwaka 1928 na mwaka 2007. Mara zote mbili haukupita muda mrefu masoko yakaporomoka. Marriner Eccles, mwenye benki wa Utah aliyekuja kuongoza Benki Kuu ya Marekani chini ya Rais Roosevelt, alikuwa ameshaliona hilo zamani. Alieleza kwamba mali ilipokusanyika juu katika miaka ya 1920, watu wa chini waliweza kuendelea kununua kwa kukopa tu, na mkopo ulipokatika biashara nzima ikasimama. Mwaka 2010 Michael Kumhof na Romain Rancière wa Shirika la Fedha la Kimataifa waliliandika wazo hilohilo kwa hesabu: tajiri hawezi kula mapato yake yote, kwa hiyo huyakopesha, na anayeyakopa ni yule ambaye kipato chake hakikui.

Wapo wanaokataa. Michael Bordo na Christopher Meissner walipitia takwimu za nchi 14 kuanzia 1920 wakahitimisha kwamba mikopo ikifurika ndiyo huleta anguko, na kwamba ukosefu wa usawa peke yake hauifanyi mikopo ifurike. Ubishi huo haujaisha, na Zanzibar haiwezi kuumaliza. Faida tuliyo nayo sisi ni kwamba hapa njia ya deni tunaweza kuifuata kwa miguu.

Kutoka Forodhani hadi Malindi

Anayetoka Forodhani kwa njia ya Mizingani huanza na Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo. Akipita forodha ya zamani na kukaribia bandari atakutana na Zahanati ya Kale, yenye roshani za mbao zilizonakshiwa kama kitambaa cha darizi. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kuadhimisha miaka hamsini ya Malkia Victoria katika ufalme. Aliyetoa fedha ni Tharia Topan, Khoja aliyetokea Kutch akiwa kijana na kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani yote. Alifariki mwaka 1891 na jengo likamalizika bila yeye.

Mgeni akiyatazama majengo haya mawili atasema la mfalme ndilo la mwenye mali. Daftari za wakati ule zilisema vingine.

Mikarafuu iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na jina linalotajwa ni la Saleh bin Haramil el-Abri, aliyeipanda Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan alipoona faida yake aliyachukua mashamba hayo, akaamuru na wengine wapande. Yeye mwenyewe alikuja kumiliki mashamba 45. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 frasila moja ya karafuu ilifika hadi riali 10 hivi. Basi kila mwenye uwezo akakopa, akafyeka msitu, akanunua watumwa na kupanda. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa sawasawa, kwa hiyo miti iliyopandwa kwa tamaa ya bei ile ilianza kuchumwa kwa wingi bei ilipokwisha kuondoka. Alipofariki Sayyid Said, mwaka 1856, frasila ilikuwa imeshuka hadi kama riali moja na senti zake.

Deni halikushuka pamoja na bei. Aliyekopa riali mia moja wakati frasila kumi zilitosha kuzilipa, sasa alidaiwa zaidi ya frasila hamsini. Na chini ya hesabu hizo zote walikuwako watu ambao daftari iliwahesabu pamoja na miti: shamba lilipowekwa rehani, liliwekwa pamoja na watumwa wake.

Aliyekuwa akikopesha zaidi ni nyumba ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kutch. Kuanzia miaka ya 1830 nyumba hiyo iliikodi forodha ya Zanzibar. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi: Jairam anampa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha anatoza ushuru wote wa bandari na kinachozidi ni chake. Kodi hiyo ilipanda hatua kwa hatua, ikapita riali laki tatu katika miaka ya 1860. Ukiona mtu anakubali kupandisha kodi kiasi hicho na bado anaing'ang'ania kazi, jua kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kinene. Naye Sultani hakungoja mwaka uishe. Alihitaji fedha za merikebu, za askari, za ndugu na mahasimu. Baada ya uamuzi wa mwaka 1861 wa Lord Canning, mtawala Mwingereza wa India, ulioitenga Zanzibar na Omani, alitakiwa pia kupeleka riali 40,000 Maskati kila mwaka. Alikwenda kuzichukua kwa mkodi wa forodha, na zikaandikwa.

Hivi ndivyo mfalme alivyokuwa mdeni wa mtoza ushuru wake. Sir Bartle Frere, aliyekuja mwaka 1873 kwa ajili ya kuzima biashara ya utumwa, aliripoti kwamba nyumba moja tu ya Kihindi hapa Unguja ilikuwa na zaidi ya pauni laki nne zilizokopeshwa huku na huku: kwa Sultani na jamaa zake, kwa Waarabu wa safari za bara, kwa Wahindi wenziwe, hata kwa Wazungu na Wamarekani wenye meli.

Barghash aliposhika kiti mwaka 1870 alilikuta deni la ndugu yake Majid likimngoja, nalo lilikuwa la mamia ya maelfu ya riali. Akajaribu kulikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba deni ni la Majid, si la dola, na kwamba forodha apewe mtu mwingine. Sijui mfalme gani asingejaribu. Lakini wenye Jairam walikuwa raia waliolindwa na Uingereza, na balozi wake, Kirk, akaingia kati. Zaidi ya hilo, ni nani mwingine mjini aliyekuwa na fedha taslimu za kuikodi forodha bila kukopa kwa watu walewale? Walipatana, na forodha ikabaki kwa nyumba ile mpaka mwaka 1876, ilipohamia kwa Tharia Topan. Mikono ilibadilika. Idadi ya mikono ndiyo haikubadilika.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja. Kilizamisha majahazi na merikebu za Sultani, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ikasalimika, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Mwaka uliofuata, Juni 1873, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Kwa mwenye shamba wa Unguja hayo yalikuwa mapigo mawili ndani ya miezi kumi na minne, na hakuna hata moja lililofuta mstari katika daftari. Wenye akiba walipanda upya na wakafaidi bei iliyopanda baada ya karafuu kuadimika. Wasiokuwa nayo waliuza, na mnunuzi mara nyingi alikuwa mdai.

Ngazi ya mikopo

Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, amesimulia mwenyewe katika wasifu wake alivyokuwa akikopa kwa matajiri wa mjini ili apande safari za bara. Tharia Topan ndiye aliyemwamini kwa kiasi kikubwa kuliko wote. Watu wanaikumbuka bunduki ya Tippu Tip na kusahau hati ya deni iliyotangulia mbele ya bunduki. Safari ilikuwa ya miaka, riba ilihesabiwa ndani ya bei ya bidhaa, na pembe za ndovu zikirudi zinakwenda moja kwa moja kwa aliyekopesha, kwa bei anayoijua yeye.

Utaratibu huohuo, kwa vipimo vidogo, ndio ulioendesha mashamba mpaka karne ya 20. Huko Mkokotoni au Chwaka alikaa mwenye duka aliyekopesha mchele, nguo na mafuta ya taa. Yeye alikuwa amekopeshwa na mwenye ghala wa mjini. Mwenye ghala alikopa kwa msafirishaji mkubwa, na msafirishaji kwa Bombay au kwa benki. National Bank of India ilikuwa na tawi hapa tangu miaka ya 1890. Nasema hili nikijua litawakera baadhi ya wazee wangu wa barazani: yule Mhindi wa duka la shamba, ambaye jina lake ndilo lililobaki katika matusi, mara nyingi alikuwa mdeni aliyebanwa sawasawa na jirani yake. Waliokuwa na nafasi ya kupumua walikuwa wachache sana, na walikaa juu kabisa ya ngazi.

Mwaka wa mwenye shamba ulikwenda hivi. Kabla ya msimu anahitaji fedha za kupalilia. Msimu ukiingia anahitaji nyingine za wachumaji, ambao hawakubali ahadi: mchumaji hupanda mti na kamba, huvuta matawi, hujaza pakacha, jioni hukaa chini kutenga makonyo na karafuu, kisha hupimiwa kwa pishi na kulipwa palepale. Karafuu mbichi ikilala bila kuanikwa inaharibika, na mvua ikiifumania jamvini inageuka kuwa nyeupe na kupoteza bei. Kwa hiyo mwenye shamba hawezi kungoja. Anakopa kwa ahadi ya karafuu zilizoko bado mtini, kwa bei ya chini, na anayempa fedha ndiye atakayezinunua. Zikikauka anazipeleka kwake. Zikitosha kulipa, amepona mwaka huo. Zisipotosha, kilichobaki ni shamba lenyewe.

Hapo ndipo ilipoingia bei ya khiyari. Riba ni haramu, na pande zote mbili zililijua hilo, kwa hiyo mkopo uliandikwa kama mauzo. Mwenye shamba anamuuzia mdai shamba lake kwa hati, ila anabakiwa na hiyari ya kulikomboa katika muda waliokubaliana, kwa fedha zilezile. Wakati huo anaendelea kukaa shambani na kumlipa "mnunuzi" kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa riba kwa jina la heshima. Muda ukipita bila ya kukomboa, shamba limekwenda, na kadhi hana la kusema, kwa sababu hati inasema liliuzwa tangu siku ya kwanza. Uzuri wa mpango huu kwa mkopeshaji, na ubaya wake kwa nchi, ni kwamba haukuonekana. Mtu alipita njia ya Dole akiona mashamba ya mabwana waliovaa majoho, wanaoalika watu wale na kunywa, akasema hawa ndio wenye nchi. Nusu ya miti aliyoiona ingeweza kuwa ya mtu mwingine, anayekaa ghorofa ya pili huko Mji Mkongwe.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia bei ilikuwa nzuri, na bei nzuri ndiyo kipindi cha kukopa. Kisha likaja anguko la 1929. Bei za mazao zikashuka dunia nzima, karafuu pamoja nazo, na hesabu ya mwaka 1856 ikajirudia: fedha inayodaiwa ni ileile, karafuu za kuilipa zinahitajika mara mbili au zaidi. Sir Alan Pim alikuja mwaka 1932 kuchunguza fedha za serikali. Mwaka 1934 wachunguzi wawili, Bartlett na Last, wakatoa ripoti yao kuhusu madeni ya wakulima, na mwaka huohuo serikali ikashusha mlolongo wa sheria: ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa watu wengine, ya wakopeshaji, ya wasafirishaji wa karafuu, na agizo la kusimamisha madai kwa muda. Serikali ya India ikamtuma K.P.S. Menon kutazama maslahi ya Wahindi, naye akazikosoa.

Kwa maoni yangu kosa kubwa la sheria zile lilikuwa kuupa ugonjwa wa fedha dawa ya kabila. Ziliandikwa kana kwamba tatizo ni mkopeshaji wa asili fulani, si mfumo wa mikopo yenye kamba moja. Matokeo yake, deni lililokuwa kati ya mtu na mtu likawa deni kati ya jamii na jamii. Na mkopo wenyewe, uliokuwa unapalilia mashamba, ukakauka kabla hapajapatikana badala yake. Ndipo ikafuata sheria ya 1937, na mgomo. Mwaka 1938 pande zote zikakubaliana: wafanyabiashara wa Kihindi wakarudishiwa nafasi katika biashara chini ya Chama cha Wakulima wa Karafuu, na ikatungwa sheria ya kulinda ardhi na kusuluhisha madeni. Wenye mashamba wakapangiwa namna ya kulipa. Wachumaji hawakutajwa popote. Hawakuwa na ardhi ya kuweka rehani, kwa hiyo hawakuwa na deni ambalo serikali ilijali kulisuluhisha.

Mnunuzi mmoja

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliondoa wenye mashamba na wakopeshaji kwa pamoja. Ardhi ikawa ya serikali, na maelfu ya familia zikagaiwa eka tatu tatu. Sitaingia katika damu iliyomwagika, ambayo ina makala zake. Nitazungumzia daftari tu: hii nayo ilihama, ikaenda serikalini. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar likawa mnunuzi wa pekee. Karafuu zilipopanda bei duniani katika miaka ya 1970, mkulima aliona sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Nyingine ilijenga maghorofa ya Michenzani, ikalipia shule na hospitali za bure, na kuleta televisheni ya rangi Zanzibar kabla ya bara kuwa na televisheni yoyote. Mkulima alijibu kwa njia aliyokuwa nayo, yaani magendo ya usiku kwenda Mombasa, na kuiacha mikarafuu izeeke.

Aliyekuwa akituweka mjini kwa muda wote huo ni Indonesia, kwa ajili ya sigara zake za kretek. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ilifika dola 9,000 hivi. Lakini Indonesia ilikuwa imeshapanda mikarafuu yake mwenyewe, na ilipojitosheleza bei ikaanguka na bajeti ya Zanzibar pamoja nayo. Mwaka 1984 serikali ikaanza kufungua milango ya biashara.

Kuna kipande cha kisa hiki ambacho huku hakisimuliwi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tommy Suharto, mtoto wa Rais wa Indonesia, alipewa ukiritimba wa kununua karafuu zote za wakulima wa nchi hiyo kupitia taasisi iliyoitwa BPPC, kwa mikopo iliyotoka Benki Kuu. Alinunua kwa bei ya chini, akawauzia wenye viwanda vya sigara kwa bei ya juu, wao wakatumia akiba zao maghalani, na milima ya karafuu ikamlalia. Wakulima wakapata hasara, na dhamana ikawa ya umma. Ilikuwa moja tu kati ya biashara nyingi za familia hiyo na marafiki zake, lakini ilitosha kuonyesha uchumi uliofungwa kwa watu wachache unavyokopa: kwa jina lao, kwa fedha ya wote. Rupia ilipoanza kuanguka mwaka 1997, mabenki yaliyokopesha kwa kujuana yalianguka nayo. Tarehe 15 Januari 1998 Suharto alitia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, Michel Camdessus akiwa amesimama nyuma yake amekunja mikono, na miongoni mwa masharti hayo ulikuwemo ukomo wa BPPC. Mwezi wa Mei aliondoka madarakani baada ya miaka zaidi ya thelathini. Mkulima wa Wete na mkulima wa Sulawesi hawajawahi kuonana, lakini katika muongo ule walikuwa na malalamiko mamoja.

Hoteli na mwani

Siku hizi serikali inasema humlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya nje, na hilo ni jema. Ila karafuu sasa ni habari ndogo. Zao la leo ni mgeni. Mwaka 2019 waliingia zaidi ya laki tano, mwaka uliofuata karibu nusu yake, na kufikia 2023 walikuwa wamepita laki sita. Umasikini kwa takwimu rasmi umepungua, kutoka karibu asilimia 35 mwaka 2009/10 hadi karibu 26 mwaka 2019/20, na Unguja imepiga hatua kuliko Pemba. Sitaki kuwa miongoni mwa wanaoona hoteli ni balaa tupu. Mtu aliyezaliwa Kiwengwa katika miaka ya 1980 anajua kijiji kilikuwaje.

Ninachoangalia ni umbo la uchumi wenyewe. Ardhi ya pwani ni ya serikali na hukodishwa kwa muda mrefu kwa wawekezaji. Tangu 2021 hata visiwa vidogo vimeingia katika mpango huo. Kutoka Nungwi hadi Makunduchi pwani ya mashariki imejaa hoteli, na kubwa kati yake ni za kampuni chache zenye mabenki yao nje. Zinazozizunguka ni biashara ndogo zinazoishi kwa mkopo: boti ya kupeleka wageni Mnemba imenunuliwa kwa mkopo, gari la kuwachukua uwanja wa ndege kwa mkopo, duka la vinyago kwa upatu au kwa ile mikopo ya mtaani ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu. Wote hao wanalipa kwa sharti moja, kwamba ndege zitatua.

Machi 2020, korona ilipoenea duniani, zikaacha kutua. Ukuaji wa uchumi wa Zanzibar, uliokuwa asilimia 7 mwaka 2019, ukashuka hadi asilimia 1 na ushei. Mwezi Mei Benki Kuu ya Tanzania iliyaruhusu mabenki kuwapangia upya ulipaji wakopaji walioathirika, na mwenye hoteli aliyekuwa na mkopo benki aliweza kwenda kuzungumza. Wafanyakazi wengi walirudishwa majumbani, baadhi bila mshahara, na wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani waliokuwa wameacha mwani wakarudi kuulima. Mwani nao hununuliwa na kampuni chache zinazotoa kamba na kupanga bei, ambayo kwa muda mrefu haikufika shilingi elfu moja kwa kilo kavu. Wakulima wake ni maelfu kwa maelfu, wengi wao wanawake.

Mpishi wa hoteli aliyerudi kijijini mwezi ule hakuwa na mkopo wa benki wa kupangiwa upya. Alidaiwa unga na sukari na mwenye duka wa mtaani, na mwenye duka alidaiwa na muuzaji wa jumla wa Darajani. Agizo la Benki Kuu halikuwa na la kuwaambia wote wawili.